Walitutafutia Mpinzani

Bendi yetu ilianzishwa kwa ajili ya watu wanaotembea polepole. Siku ya mahafali maprofesa hutoka jengo la utawala wakiwa na majoho, huvuka bustani, hupanda ngazi na kuingia ukumbini, na safari hiyo fupi huchukua muda mrefu kwa sababu wengi wao ni wazee na majoho ni mazito. Zamani walitembea kimya, wakisikia viatu vyao tu. Mhadhiri mmoja mgeni, aliyekuja kufundisha jiografia na ambaye kwao alikuwa akipiga tarumbeta, aliona haifai. Akawaandikia watu wa kwao, na baada ya muda yakaja masanduku ya ala za kupuliza zilizokwisha kutumika: tarumbeta, tromboni, klarineti, filimbi, saksafoni na tuba moja kubwa iliyobonyea ubavuni.

Mgeni yule alipoondoka, masanduku yalibaki. Aliyeyafungua tena alikuwa mstaafu wa bendi ya askari, mtu mwenye mashavu makubwa ambaye picha yake ilitundikwa kwenye chumba chetu cha mazoezi. Aliwafundisha wanafunzi kupuliza kwa nguvu zote kwa sababu, alisema, uwanja hauna kuta za kukurudishia sauti. Alifundisha nyimbo za gwaride na hakuna kingine. Wanafunzi wakaiita bendi ya mahafali, na jina hilo halikutoka hata baada ya yeye kuzeeka na kumwachia fimbo mmoja wa wanafunzi wake, msichana aliyekuwa akipiga klarineti. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wetu.

Mwalimu alifanya kinyume cha mzee wake. Alitufundisha kupiga kwa sauti ndogo. Kupiga kwa sauti kubwa ni rahisi, alisema, mtu yeyote mwenye hasira anaweza. Kazi ni kupiga taratibu bila sauti kutetemeka. Kila mazoezi yalianza bila ala. Tulisimama mikono mitupu, tukavuta pumzi pamoja na kuishusha pamoja, mpaka asisikike mmoja aliyetangulia wala aliyechelewa. Kisha tulishika ala na kupiga kipande alichokitunga mwenyewe, kisicho na maneno wala jina. Kilianza na tuba chini kabisa, sauti moja ndefu. Juu yake zikaingia tromboni, halafu klarineti, na mwisho filimbi, kama watu wanaoamka kwa zamu ndani ya nyumba moja. Tulikiita ya asubuhi. Kilikuwa cha kupasha moto pumzi tu. Hatukuwahi kukipiga mbele ya watu, kama vile mtu asivyotoka nje na mswaki mdomoni.

Ala zenyewe zilikuwa zimechoka. Springi za vali tulizitoa kwenye kalamu za wino. Raba za baiskeli zilishikilia vitufe vya saksafoni. Mdomo wa klarineti yangu ulikuwa na alama za meno za watu walionitangulia, na mimi nilizizoea kiasi kwamba nilipojaribu klarineti mpya ya rafiki yangu niliona inateleza. Lakini tukivuta pumzi pamoja na Mwalimu akainua mkono, zile ala chakavu zote zilitoa sauti moja nene na safi. Mpaka leo sijui njia bora ya kuieleza.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, nikisomea uandishi wa habari na kupiga klarineti ya pili, chuo kilipata naibu makamu mkuu mpya. Alikuwa profesa na mtu wa hesabu, mpole, asiyepandisha sauti. Alipita jengo hadi jengo akiuliza swali moja: hiki kinamfaa nani? Chumba chetu kilikuwa kinatakiwa kwa ajili ya kompyuta. Mwalimu akamweleza jinsi watu wanavyotupigia makofi kila mahafali.

"Mwalimu, watu wa mahafali wamefungiwa ndani," naibu alimjibu. "Aliyefungiwa hupiga makofi ili atoke. Nionyeshe watu wanaoweza kuondoka, na wasiondoke."

Hakusema kwa ubaya. Aliahidi atakuja mwenyewe kuona, popote tutakapopiga. Wakiondoka watu, ala zitarudi kwenye masanduku na kupelekwa kwa shule itakayozitaka, na Mwalimu atarudi kufundisha stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kazi aliyoifanya zamani na ambayo aliisimulia kama mtu anavyosimulia malaria.

Mwalimu alitaka tupige mahali ambapo hakuna anayetujua, ili asije mtu kwa ajili ya kumwonea huruma mtoto wa ndugu yake. Nikapendekeza kwetu Bariadi. Ni kweli mimi nilijulikana, lakini mtu mmoja hajazi uwanja. Na ulikuwa mwezi wa pamba kuuzwa. Watu wa vijijini wangekuwa mjini, wametulia, hawana haraka ya kurudi shambani. Alikubali. Nikatangulia kwenda kuandaa.

Nilizaliwa Somanda, pale pale Bariadi mjini. Baba yangu alikuja kutoka Tabora akiwa kijana, akafungua duka la vitenge, na nyumbani kwetu mambo ya ngoma za kijijini yalikuwa ya watu wengine. Mama ni Msukuma wa Nkoma, kijijini, lakini alipoolewa mjini aliyaacha nyuma, au ndivyo nilivyodhani. Kwa hiyo nilipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba uwanja ulio mbele ya hospitali, nilikwenda kama ofisa: mkoba begani, orodha ya mahitaji kichwani.

Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya sufu, na aliniita mayu, yaani mama, kama wazee wa huku wanavyomwita binti anayeheshimiwa. Tulisalimiana kwa urefu, mwangaluka na majibu yake yote, afya ya baba, afya ya duka. Uwanja alitoa mara moja. Aliuliza tuko wengi kiasi gani, tutakaa au tutasimama, tunahitaji kivuli upande upi. Mwisho akauliza, "Na mpinzani wenu ni nani?"

"Hatuna, mzee. Tunapiga peke yetu."

"Peke yenu."

"Ndiyo."

"Hata huko chuoni?"

"Hata chuoni. Hatujawahi kuwa naye."

Aliangalia chini. "Basi, tutaona, mayu," alisema, kwa sauti ambayo watu huitumia kwa mfiwa. Nilimshukuru, wabeja sana, nikaondoka nikiwa nimeridhika kwamba kila kitu kimepangwa.

Bendi ilifika kwa basi kupitia njia ya ziwani. Wanafunzi wengi walikuwa hawajawahi kufika upande huu, na walifika wakisimulia samaki waliowaona wakikaangwa kando ya barabara pale Nassa. Walilala kwenye madarasa ya shule iliyokuwa likizo. Mwalimu alilala kwetu. Naibu alifikia nyumba ya wageni, akaja kusalimia akiwa na mwamvuli wa bluu chini ya kwapa, akanywa chai ya baba, akauliza bei ya vitenge na akaondoka mapema.

Mwalimu hakula. Mama alimpikia sato, akamwekea ugali laini, na yeye akazungusha tonge mkononi kama anayelipima uzito. Alisema chakula ni kizuri sana. Asubuhi hakunywa hata chai. Mama akanivuta jikoni.

"Mwalimu wenu anaumwa?"

"Haumwi. Anaogopa."

Nikamweleza naibu, chumba na kompyuta. Mama alisikiliza, kisha akachukua mfuko wa plastiki na kuujaza matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Akauweka kwenye mkoba wa Mwalimu bila kumuuliza. "Akimaliza kuogopa atasikia njaa," aliniambia. "Awe navyo karibu."

Hewa ya kwetu wakati ule wa mwaka haina urafiki na klarineti. Ni kavu, na mti wa ala hukauka na kunywea. Asubuhi ile niliikuta yangu imelegea kwenye maungio, sehemu ya juu inazunguka ovyo juu ya ya chini. Nikazungushia uzi wa pamba uliopakwa nta, raundi baada ya raundi, mpaka ikashika. Wapiga tarumbeta walikuwa na taabu nyingine: shaba ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni, maana usiku wa kiangazi huku huwa wa baridi, na kila walipopuliza, pumzi yao ya moto iligeuka maji ndani ya mabomba. Hilo hutokea kila mahali ala za shaba zinapopigwa, ila sikuwahi kuliona kwa wingi ule.

Tulijipanga upande wa mashariki wa uwanja, viti kwa nusu duara, migongo kwenye jua. Naibu alikaa pembeni chini ya mwamvuli wake. Watu walianza kuja: waendesha bodaboda wakiwa bado wamepanda pikipiki zao, wauguzi wanaotoka zamu, wenye maduka, wanawake waliokuja kutazama wagonjwa na wakaona bado ni mapema kuingia wodini, na wakulima wa pamba waliovaa makoti mazito. Baba alifunga duka, jambo ambalo hulifanya siku ya Ijumaa tu. Walijaa vizuri. Nilimwona Mwalimu akipumua.

Ndipo Fuso likaingia upande wa magharibi. Lilikuwa Fuso la kubebea pamba, vipande vyeupe bado vimenasa kwenye mbao zake, na juu lilijaa watu wenye njuga miguuni, majembe mikononi na ngoma kubwa katikati yao. Waliteremka bila haraka. Wakaziegesha ngoma karibu na moto mdogo ili ngozi zikaze. Kiongozi wao, mzee mrefu mwenye ukanda wa simbi kichwani, manju kama anavyoitwa mtunzi wa ngoma, alitembea hadi katikati ya uwanja, akatuangalia kwa makini mmoja mmoja, akainamisha kichwa kwa adabu na kurudi kwao.

Mwalimu aliniita kwa macho. "Nani amewaruhusu hawa?" aliuliza.

Sikujua. Nilikimbia kumtafuta mwenyekiti, lakini nilikutana kwanza na mama, ambaye alikuwa amesimama kwenye umati na khanga yake ya kutokea. Nilipomweleza maswali aliyoniuliza mwenyekiti na nilivyojibu, alijifunika mdomo kwa khanga na mabega yakaanza kutikisika.

"Ulimwambia hamna mpinzani?"

"Ndiyo."

"Tangu bendi ianze?"

"Ndiyo, mama."

"Basi amewahurumia. Amewatafutia."

Akanieleza pale pale, tukiwa tumesimama, jambo ambalo mtoto wa Nkoma angelijua kabla ya kujua kusoma. Ngoma huchezwa na pande mbili, kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Watu hutembea katikati, wakipenda huku wanakuja huku, wakipenda kule wanakwenda kule, na jua likipanda, mwenye watu ndiye aliyeshinda. Hakuna mwamuzi. Ngoma inayochezwa peke yake haijulikani kama ni nzuri au mbaya. Ni kama mtu aliyepiga mbio bila wa kukimbia naye. Kundi lile lilikuwa maarufu, lilitoka mbali, na lilikuja kwa sababu mwenyekiti aliwapelekea habari kwamba kuna wageni wamesoma sana lakini wamekosa mtu wa kushindana nao.

Nilirudi kwa Mwalimu nikamweleza yote kwa kifupi.

"Kwa hiyo hawakuja kutuharibia," alisema.

"Hapana, Mwalimu. Wamekuja kutusaidia."

Alimtazama naibu, aliyekuwa ameinamisha mwamvuli ili aone vizuri ngoma zinazopashwa moto. Nilidhani ataniambia nimfiche jambo hilo, au nikaombe watu wale waahirishe. Alipangusa fimbo yake kwa ncha ya kitambaa.

"Nenda umweleze Profesa," akasema. "Mweleze sheria yote. Hiki ndicho alichosema anataka kuona."

Nikaenda. Naibu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja kama kawaida yake: je, na yeye anaruhusiwa kutembea? Nikamwambia kila mtu anaruhusiwa.

Tulianza na gwaride la mzee wa mashavu makubwa, kwa sababu ndilo lenye sauti. Watu walikaza macho. Kwa muda tulikuwa nao wote, na nilianza kufikiri kwamba labda tutapona. Kisha ngoma za upande wa pili zikalia.

Sijui kama msomaji amewahi kusikia ngoma kubwa ya Kisukuma ikilia kwenye uwanja wa wazi. Haiingii masikioni; inaingia kwenye kifua. Majembe yalirushwa juu, yakazunguka, yakadakwa, yote kwa pamoja, na njuga zikaanguka chini kama mvua ya kokoto. Umati uligeuza vichwa kwanza, halafu mabega, halafu miguu. Waendesha bodaboda waliwasha pikipiki na kuzihamisha. Nikiwa katikati ya mstari wangu nilimwona baba akiondoka, akijifanya anamtafuta mtu. Tulipomaliza gwaride, mbele yetu walibaki mama, muuguzi mmoja aliyeketi kupumzisha miguu, na mbuzi.

Mwamvuli wa bluu nao ulikuwa upande wa pili.

Mwalimu alitoa ishara ya gwaride la pili, la kelele zaidi. Tulipuliza mpaka mishipa ya shingo ikatutoka. Ilikuwa kazi bure. Uwanja hauna kuta, na ngoma zile zilikuwa zimezaliwa uwanjani. Sauti yetu ilitoka, ikaenda hatua kadhaa na kumezwa. Nilipotupa jicho kwa Mwalimu, mkono wake ulikuwa ukihesabu sawasawa, lakini macho yake yalikuwa kwa mwamvuli ule. Alikuwa kama mtu anayeangalia masanduku yakifungwa.

Kati ya wimbo na wimbo, mpiga tuba wetu alisema hawezi kuendelea. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, mwembamba sana, na tuba ile ilimfunika karibu yote. Ndani ilikuwa imejaa maji, kila sauti ilitoka ikigugumia. Mwalimu akamruhusu. Akasimama, akaikumbatia ile tuba na kuigeuza kichwa chini, miguu juu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyepaliwa na maji, akaizungusha upande mmoja, akaizungusha upande wa pili, akavuta bomba moja. Maji yakatoka. Hayakudondoka, yalitiririka, yakapiga vumbi kavu la uwanja na kufanya doa jeusi. Wapiga tromboni wakaona wanufaike na nafasi hiyo, nao wakaelekeza ala zao chini na kufungua vali za maji. Yakatiririka mengine.

Yule muuguzi akasimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka uwanja kwenda ng'ambo alisimama pia, akaangalia lile doa, akaangalia mbingu isiyo na wingu hata moja, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Wanaume wa makoti mazito walikuja wakichuchumaa, wakagusa udongo kwa vidole. Mmoja alimuuliza mpiga tuba maji ameyaweka saa ngapi. Akajibiwa hakuyaweka, ni pumzi yake. Yule bwana akamtazama kijana toka juu hadi chini, akiupima wembamba wake.

"Pumzi yako wewe? Basi ndiyo maana umekauka hivyo."

Kicheko chake kiliwaleta wengine. Walikuja kuuliza kulikoni, wakaambiwa vyuma vinatapika maji, wakajisukuma mbele waone. Walitusogelea kuliko ambavyo watu waliwahi kuisogelea bendi. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka kikapu chake juu ya mguu wangu. Nilisikia harufu ya pamba na ya sabuni. Kwenye umbali ule hakuna aliyehitaji kupuliza kwa nguvu, na Mwalimu aliliona hilo kabla yetu. Alishusha fimbo. Akanyoosha mikono mitupu, viganja juu, kama tulipokuwa chumbani.

"Ya asubuhi," alisema kwa sauti ndogo.

Tulitazamana. Ile ya mswaki? Lakini mikono yake ilikuwa tayari inapanda, na tukavuta pumzi pamoja. Waliokuwa karibu nao wakavuta. Niliwasikia, walivuta bila kujua, kama mtu anavyopiga miayo akimwona mwingine. Tuba ikaanza chini kabisa, safi sasa, bila kugugumia, na ngoma za ng'ambo zilikuwa zinalia bado, ila kwetu zilifika kama mapigo ya moyo wa mtu mwingine. Tromboni zikaingia. Sisi wa klarineti tukaingia. Niliogopa uzi wangu wa pamba utaachia, haukuachia. Filimbi ilipokuja juu, mwanamke wa kikapu alisema taratibu kwa Kisukuma neno ambalo mama alinitafsiria baadaye: ameamka na wa mwisho.

Waliotuzunguka walikuwa wameziba uwanja wote mbele yangu, kwa hiyo sikuwaona wengine wanavyorudi. Nilisikia tu. Injini za pikipiki zilikuja na kuzimwa moja baada ya nyingine. Kivuli kilitufunika kutoka pande zote, hewa ikawa ya moto. Kisha ngoma za ng'ambo zikapungua, ikabaki moja, nayo ikanyamaza.

Tulipomaliza, manju alikuwa amesimama mbele ya tuba. Alikuwa na jasho, jembe bado begani. Niliambiwa baadaye kwamba watu wote uwanjani walikuwa wakimwangalia yeye, si sisi, kwa sababu manju akitoka kwenye ngoma yake kwenda kutazama ya mwenzake, kwa wakati huo hakuna haja ya kuhesabu watu. Aliinama akaangalia ndani ya mdomo wa tuba, akakaa humo kwa muda kama anayemtafuta mtu.

"Sisi huku mvua tunaiomba," alimwambia Mwalimu. "Ninyi mnaitema tu chini. Hiyo si haki."

"Mngekuja na ndoo, mzee," Mwalimu akamjibu.

Watu walicheka, na manju akacheka kuliko wote. Akamwambia kwamba hilo la maji ni dawa kali ya kuvuta watu, lakini kwamba si maji yaliyomtoa kule. Alikuja kuona ni kitu gani kinachopigwa kidogo hivyo na watu hawaondoki. Kisha akarudi kwao, na akatuonya kwa heshima kwamba jua halijapanda, na kwamba sasa wataanza wao kwa kweli.

Wakaanza kwa kweli. Nusu ya watu wakahama tena, wakarudi, wakahama. Iliendelea hivyo mpaka adhuhuri, na mwisho hakuna aliyeweza kusema nani ameshinda. Mwenyekiti alisema sisi, mke wake alisema wao. Lakini sisi hatukujali tena. Tulikuwa tumemwona naibu akirudi.

Alirudi katikati ya ile ya asubuhi, akiwa amefunga mwamvuli ili aweze kupenya. Mpiga filimbi wetu, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa nusu duara, alimwona akisimama nyuma ya wakulima, amenyanyuka kwa ncha za viatu. Baada ya yote kwisha alikuja kwa Mwalimu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Mlinipoteza," alisema. "Nataka ujue hilo. Niliondoka kabisa."

"Nilikuona, Profesa."

"Na sikurudi kwa ajili ya kazi. Nilikuwa nimesahau kazi." Alifikiri kidogo. "Kompyuta zitatafutiwa mahali pengine. Lakini hiyo ya taratibu muipige na kwenye mahafali. Wazee watembee na hiyo."

Mwalimu alisema asante, Profesa, na akaendelea kukunja stendi ya karatasi za muziki ambayo ilikuwa tayari imekunjwa. Niliichukua mikononi mwake. Hakuonekana kugundua.

Tuliondoka alasiri hiyo hiyo, kwa sababu basi lilikuwa limekodiwa. Baba alituletea maji ya chupa na kueleza tena kwamba kweli alikuwa anamtafuta mtu. Mwenyekiti alikuja kutuaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na akaniambia sasa tumekuwa ngoma. Mwakani, alisema, tusihangaike kutafuta. Wale wa Fuso wameshaomba wawe wao.

Ndani ya basi watu walilala wameegemea masanduku. Mimi nilikaa kiti cha nyuma ya Mwalimu. Tulipokaribia Nassa, ziwa likaonekana upande wa kulia wa barabara, na harufu ya samaki wa kukaanga ikaingia madirishani. Dereva akauliza kama tunasimama. Mwalimu alikuwa amekuta ule mfuko wa mama kwenye mkoba wake. Alitoa tobolwa moja, akaligeuza, akaling'ata kwa meno ya pembeni, akatafuna kwa muda mrefu kama linavyotaka. Akatoa la pili. Mpiga tuba, aliyekuwa macho, alinyoosha kiganja kwa adabu kati ya viti. Mwalimu alikiona. Akausogeza mfuko upande wa dirisha na kuendelea kula, akitazama maji, mpaka ukaisha.